Waridi la njano lililokua bila kuchanua: kisa cha ukuta mmoja na mkasi wa kila mwaka

Kisa hiki kinahusu bustani ndogo ya nyumbani ambako waridi moja la njano lilifunika ukuta mzima lakini halikumpa mwenyewe hata shada moja la kuweka mezani. Niliitwa kutoa ushauri wakati mazungumzo ya nyumbani yalikuwa yameshafika kwenye kung'oa. Majina, mahali na kila kinachoweza kuwatambulisha wahusika kimeondolewa. Vipimo vya ukuta na vya matawi nimeviacha, maana bila hivyo kisa hakieleweki.

## Usuli

Ukuta ni wa matofali, urefu wake mita 7, na kutoka ardhini hadi kwenye gata ni karibu mita 2.8. Hupata jua la moja kwa moja kwa takriban saa 6 kwa siku wakati wa kiangazi. Mbele yake kuna tuta jembamba la maua, kisha nyasi. Ni mahali penye majira manne na baridi ya wastani: sakitu (umande ulioganda) huonekana asubuhi chache, lakini ardhi yenyewe haigandi.

Mche ulinunuliwa kwenye chungu, ukiwa na kibandiko kilichosema tu kwamba ni waridi la kutambaa, rangi ya njano. Jina la aina halikuwepo. Misimu miwili ya kwanza mche haukufanya jambo la maana. Msimu wa tatu ulirusha matawi ya mita 3 hadi 4, membamba, laini, ya kijani kibichi, na kuanzia hapo haukusimama. Matawi yalipita juu ya kimia cha mbao kilichopigiliwa ukutani, yakajipenyeza nyuma ya gata, mengine yakaingia chini ya vigae.

Mwenye bustani alifanya kile ambacho karibu kila mtu hufundishwa kuhusu mawaridi: kila mwisho wa majira ya baridi, kabla macho ya matawi (vichipukizi ambavyo bado vimefumba) hayajafumbuka, alichukua mkasi na kupogoa kwa nguvu. Alipunguza matawi yote hadi usawa wa kifua. Mmea ulijibu kwa matawi marefu zaidi, naye mwaka uliofuata akakata zaidi. Mzunguko huo uliendelea kwa miaka minne. Aliponipigia simu alisema maneno ambayo nadhani yana utambuzi wote ndani yake: "Fundi, huu ndio mmea wenye afya kuliko yote niliyonayo, na ndio pekee usiochanua."

## Nilichokikuta

Nilifika katikati ya majira ya baridi, mkasi ukiwa umeshanolewa. Nikaomba ukae pembeni kwanza.

Majani mengi yalikuwa bado yapo. Kila jani lilikuwa na vijani vitatu hadi vitano, vidogo, vyembamba, vinavyong'aa. Matawi hayakuwa na miiba. Ningeweza kuyashika kwa mkono mtupu. Kwenye shina la zamani, karibu na ardhi, gome lilikuwa la kahawia na linabanduka kwa magamba. Hizo ni dalili zinazoelekeza upande mmoja, lakini waridi bila ua halipewi jina kwa uhakika, kwa hiyo nililiandika kwa alama ya kuuliza: *Rosa banksiae* 'Lutea', yaani waridi la Banks la njano.

Aina hii asili yake ni China. Mwaka 1824 John Damper Parks aliipeleka Uingereza kwa niaba ya Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha London. Ile nyeupe ilikuwa imeshafika kwenye bustani za mimea za Kew, London, mwaka 1807 kupitia William Kerr, na jina linamkumbuka mke wa Joseph Banks, mtaalamu wa mimea wa Uingereza. Nguvu ya jamii hii si hadithi. Ile nyeupe iliyopandwa mwaka 1885 katika mji wa Tombstone, Arizona, leo imetandazwa juu ya viunzi vinavyofunika zaidi ya mita za mraba 700. Nilimweleza mwenye bustani habari hiyo kwa makusudi, ili ajue kwamba matawi ya mita 4 kwa mwaka si ugonjwa wala si ukaidi wa mmea wake.

Kisha akanionyesha, kana kwamba ni jambo dogo, picha kwenye simu iliyopigwa majira ya kuchipua yaliyopita. Nyuma ya gata, mahali ambapo mkasi haukuwa ukifika, palikuwa na vishada viwili vitatu vya maua madogo ya njano. Yeye alidhani vimetoka kwenye mmea wa jirani. Tulipanda ngazi, tukalifuata tawi hilo kwa vidole hadi chini. Lilikuwa la kwake. Lilikuwa tawi la zamani, gome lake limeshageuka rangi, na lilikuwa limepona kila mwaka kwa sababu tu lilijificha.

## Dhana zilizopimwa

Nyumbani kulikuwa na maelezo manne tofauti, na kila moja lilistahili kuangaliwa.

Ya kwanza ilikuwa kivuli. Ni kweli waridi likikosa jua huota majani na kunyima maua. Lakini saa 6 zinatosha, na vishada vya nyuma ya gata vilichanua mahali ambapo jua halikuwa jingi kuliko katikati ya ukuta.

Ya pili ilikuwa maotea. Mawaridi mengi yanayouzwa hubebeshwa juu ya shina la aina nyingine. Shina la chini likichipua na kushinda, unabaki na mmea usioununua. Nilifukua udongo kwa mkono kuzunguka shina, kina cha kiganja hivi. Hapakuwa na uvimbe wa kiungo cha kubebeshea wala tawi lililotoka chini lenye majani tofauti. Mche huu ulikuzwa kutokana na kipandikizi, kwa hiyo hata kinachochipua kutoka ardhini ni chake mwenyewe.

Ya tatu ilikuwa mbolea. Nyasi zilikuwa zikirutubishwa mara kwa mara kwa mbolea yenye naitrojeni nyingi, na mizizi ya mmea mkubwa namna hii haiheshimu mpaka wa tuta. Naitrojeni nyingi husukuma majani kwa gharama ya maua. Dhana hii sikuweza kuiondoa papo hapo.

Ya nne ilikuwa mkasi, na ndiyo niliyoiweka mbele. 'Lutea' huchanua mara moja kwa mwaka, majira ya kuchipua, na maua yake hutoka kwenye vitawi vifupi vinavyobebwa na matawi ya mwaka wa pili na kuendelea. Tawi jipya refu, lile linalotisha watu wakati wa kiangazi, halibebi maua msimu unaofuata kwa wingi. Kwanza hukomaa, hutoa vitawi vya pembeni, kisha ndipo huchanua. Anayekata kila kitu mwishoni mwa baridi anaondoa maua ya mwaka huo wiki chache kabla hayajafunguka, na papo hapo anaondoa matawi yaliyokuwa yabebe maua ya mwaka ujao. Mmea wenye mizizi ya miaka sita ukibakiwa na shina la kimo cha kifua una nguvu nyingi na mahali padogo pa kuipeleka. Huirusha kwenye matawi mapya. Ndiyo maana kila mkato ulizaa sababu ya mkato uliofuata.

## Maamuzi na sababu zake

Mume wa mwenye bustani alitaka mmea ung'olewe, na hakuwa mtu wa ubishi mtupu: gata lilikuwa limelegea na kigae kimoja kimeinuliwa. Tulikubaliana kwamba mmea upewe msimu mmoja wa kuchanua, kwa sharti kwamba paa linusurike kwanza.

Matawi mawili yaliyoingia chini ya vigae yaliondolewa hapo hapo, baridi hiyo hiyo, ingawa yalikuwa na vitawi vya maua. Tuliyakata kabisa kwenye shina, hatukuyafupisha. Tofauti hii ni ndogo kwa macho lakini ndiyo ninayosisitiza kuliko nyingine zote. Ukifupisha tawi, macho yaliyo chini ya mkato huamka kwa pamoja na unapata ufagio wa matawi mahali pale pale ulipotaka pawe wazi. Ukiliondoa kwenye asili yake, unapunguza wingi bila kuchokoza.

Mengine yote hayakukatwa hata ncha. Yalishushwa. Kimia cha mbao kilitolewa, kwa sababu mbao zilikuwa zimeshaanza kung'oka ukutani, na mahali pake zikawekwa nyaya za kulala, safu tano, zikipishana sentimita 40 na zikiwa mbali na matofali kwa sentimita 5 hivi ili hewa ipite nyuma ya majani. Matawi yalilazwa juu ya nyaya kwa mshazari au kwa mlalo kabisa, yakafungwa kwa kamba laini iliyozungushwa kwa umbo la nane ili isikate gome. Sababu ya kulaza ni ya kifiziolojia. Ncha ya tawi lililosimama hutoa homoni inayoshuka na kuyazuia macho ya chini, kwa hiyo ua hutokea juu kabisa tu. Tawi likilala, kizuizi hicho hupungua na macho mengi urefu wote huamka.

Tulipendekeza waya wa unene wa milimita 3. Nyumbani kulikuwa na roli la waya mwembamba zaidi, na kwa kuwa wikendi ilikuwa moja na hali ya hewa nzuri, mwenye bustani akaamua kuutumia huo. Nitaurudia uamuzi huu.

Kuhusu udongo hatukufanya makubwa: mbolea ya nyasi isimwagwe ndani ya mita moja na nusu kutoka kwenye shina, na tuta liwekwe matandazo ya mboji, unene wa sentimita 5, yasigusane na shina. Hakuna mbolea nyingine. Mmea huu haukuwa na njaa.

## Kilichotokea bila kupangwa

Wiki kadhaa baadaye alikuja mtunza bustani wa kibarua kupunguza uzio wa mimea wa pembeni. Alipomaliza, kwa nia njema kabisa, akaona waridi la ukutani "limesahauliwa", akaanza kulinyoosha kutoka upande wa kulia. Mwenye nyumba alimkuta akiwa amefika karibu theluthi ya ukuta. Sehemu hiyo ilikuwa imebaki mashina ya usawa wa kifua, kama miaka yote.

Watu wa nyumba hiyo walihuzunika. Mimi, nakiri, niliposikia nilishusha pumzi kwa sababu nyingine: sasa tulikuwa na mmea mmoja, mizizi ile ile, udongo ule ule, ukuta ule ule, na tofauti moja tu kati ya pande mbili. Jaribio la namna hiyo hakuna mteja anayekubali ulifanye kwa makusudi.

## Matokeo

Majira ya kuchipua yalipofika, theluthi mbili za kushoto zilichanua. Vishada vya maua madogo yaliyojikunja petali nyingi, upana wa sentimita 2 hivi kila moja, njano ya siagi, harufu hafifu mno. Jina likathibitika na alama ya kuuliza ikafutwa. Maua yalidumu karibu mwezi. Upande wa kulia haukutoa hata moja. Ulitoa fimbo za kijani, na kufikia katikati ya kiangazi fimbo hizo zilikuwa zimeshavuka gata.

Maua yalipokwisha ndipo mkasi ulipotolewa, wiki hiyo hiyo, bila kungoja. Matawi machache ya zamani kabisa yaliondolewa kwenye shina, vitawi vilivyomaliza kuchanua vikafupishwa, na matawi mapya yaliyofaa yakafungwa mahali pao. Upande wa kulia haukuguswa isipokuwa kuelekeza fimbo kwenye nyaya na kung'oa zile mbili tatu zilizokuwa zinaelekea paa.

Kisha, kiangazi kikiwa kimekolea, mvua kubwa yenye upepo ikashusha safu mbili za juu. Waya mwembamba ulilegea, skrubu zikatoka kwenye matofali, na pazia zima la matawi likainama mbele juu ya tuta. Hakuna shina lililovunjika, lakini kuliinua kulihitaji watu watatu na kamba. Safari hii waya mnene ulinunuliwa, na skrubu ndefu zikafungwa upande wa kushoto kila baada ya mita 1.5.

Mwaka wa pili upande wa kushoto ulirudia vizuri. Wa kulia ulichanua kwa uchache, vishada hapa na pale. Hilo ndilo la kutarajia kwa matawi ambayo ndiyo kwanza yamekomaa.

## Uchambuzi

Swali la kwanza ambalo msomaji makini ataliuliza ni hili: tulibadilisha mambo matatu kwa pamoja, mkasi, mlalo wa matawi na mbolea, tunajuaje ni lipi lililoleta maua? Kwa upande wa kushoto peke yake tusingejua. Theluthi ya kulia ndiyo inayojibu sehemu kubwa. Ilinyimwa mbolea ya nyasi sawasawa na wenzake, ikawekewa matandazo yale yale, na haikuchanua. Kwa hiyo naitrojeni, hata kama ilichangia wingi wa majani, haikuwa kizuizi. Ningekuwa nimeanza na mbolea na kuuacha mkasi uendelee, tungepoteza mwaka mwingine na mmea ungeng'olewa kwa haki kabisa machoni pa mume.

Mlalo ni jambo la kutenganisha kwa uangalifu zaidi. Tawi moja la upande wa kushoto lilikuwa nene mno kupinda, tukaliacha limesimama. Nalo lilichanua, ila sehemu yake ya juu tu, huku sehemu ya chini ikibaki tupu. Jirani zake waliolazwa walichanua urefu wote. Nalisoma hivi: kutokata ndiko kulikoleta maua, kulaza kulikoyatawanya. Wanaoandika kwamba waridi la kutambaa "linalazimishwa" kuchanua kwa kulazwa wanasema kweli nusu; tawi la mwaka huu la 'Lutea' unaweza kulilaza upendavyo na lisikupe ila maua machache msimu unaofuata.

Kilichofeli kwa wazi ni waya. Uzito wa mmea uliowahi kupogolewa kila mwaka haukuwa kipimo sahihi cha uzito wa mmea usiopogolewa, na majani yaliyolowa mvua huongeza mzigo wakati wa upepo. Uamuzi wa kuacha kukata ulipaswa kuandamana na nguzo za kubeba kisichokatwa. Kuchagua waya uliopo nyumbani kuliokoa mchana mmoja na kugharimu mwingine, pamoja na matundu mapya ukutani.

Kibarua naye alionyesha udhaifu wa mpango uliokaa vichwani mwa watu wawili. Hakuwa na namna ya kujua. Kwa aina karibu zote alizowahi kuzishika, kukata mwishoni mwa baridi ni kazi sahihi. Kibao kidogo kilichofungwa kwenye shina, "usikate kabla ya maua kwisha", sasa kipo, na nimeanza kukipendekeza kwa kila mteja mwenye waridi linalochanua mara moja.

Hapo ndipo lilipo kosa la kibandiko cha dukani. Chini ya maelezo "ya kutambaa, ya njano" kuna mimea ambayo matunzo yake yanapingana. 'Golden Showers', iliyotolewa na Walter Lammerts huko Marekani mwaka 1956, hufika kama mita 3, huchanua kwa awamu, na maua yake huja kwenye machipukizi ya msimu huo huo. Mwenye bustani huyu angekuwa nayo, kupogoa kwake kwa mwisho wa baridi kungekuwa sawa kabisa, labda kwa ukali kidogo tu. 'Maréchal Niel' ya Ufaransa, 1864, ina harufu na maua makubwa yanayoning'inia, lakini inadai joto kuliko ukuta huu unavyotoa. 'Mermaid' ya Uingereza, 1918, ina maua mapana ya petali tano na huchanua muda mrefu, ila ina nguvu karibu sawa na 'Lutea' pamoja na miiba ya ndoano inayochana mikono. Karibu na gata ingekuwa balaa kubwa zaidi.

Kwa ukuta wa mita 7 wenye gata kwenye mita 2.8, 'Golden Showers' ingekuwa chaguo la busara tangu mwanzo. Niliwaambia hivyo. Niliwaambia pia kwamba wakiamua kubadilisha, mche mpya wa waridi usiwekwe kwenye shimo lile lile bila kuutoa udongo wa zamani, kwa sababu waridi linalofuata waridi mara nyingi hudumaa. Waliamua kubaki na walilonalo, na uamuzi huo ulitoka kwa mume.

Kinachofanyika sasa ni kuupunguzia ukuta mzigo. Nguzo nne za mbao zenye kimo cha mita 2.4 zimesimamishwa mwisho wa upande wa kushoto, zikaunganishwa juu kuwa kichanja, na matawi marefu mapya yanaelekezwa huko badala ya juu. Sentimita 40 chini ya gata zinaachwa wazi. Kinachovuka hapo huondolewa kwenye asili yake kila baada ya maua, na tena mara moja kiangazi kikiisha kama fimbo imekimbia. Theluthi ya kulia inategemewa kujaa msimu ujao, mradi skrubu za upande huo, ambazo bado ni zile fupi za awali, zibadilishwe kabla majani hayajaongezeka.